Kabla ya kununua vikapu, piga magoti kwanza

Swali: Habari za kazi fundi. Tumehamia Dodoma kutoka Dar mwaka huu, tumepanga nyumba Ilazo. Kabati la chini ya sinki limenishinda. Nikilifungua linanuka, sakafu yake imevimba upande wa nyuma, na mende hawaishi ingawa napuliza dawa. Humo nimeweka Jik, dawa ya choo, sabuni ya maji, chupa ya mafuta ya taa, dumu la alizeti, kiroba cha karanga alizotuletea mama mkwe kutoka Kongwa, ndoo, matambara na mifuko. Kila nikipanga, wiki mbili tu limerudi vilevile. Mtandaoni naona watu wana vikapu vizuri vya kuvuta. Ninunue vya aina gani na ukubwa gani? Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Jibu: Dada, karibu Dodoma, na pole. Umeuliza vikapu, na vikapu nitakujibu, ila utavisubiri kidogo. Kilichonishtua kwenye barua yako ni yale maneno uliyoyapitia haraka: "imevimba upande wa nyuma".

Mimi ni fundi bomba. Kazi ya makabati nilijifunza baadaye, baada ya kuchoka kuitwa kwenye nyumba ambazo seremala amefunga ubao mbele ya koki, ile ya kufungia maji chini ya sinki, na sasa hakuna anayeweza kuifikia. Kwa hiyo kabati hilo nalitazama kutokea upande wa bomba. Kwangu si stoo. Ni chumba cha bomba ambacho watu wamekitia mlango ili kisionekane, na kwa kuwa kina mlango, vitu vikaanza kuingia. Ukilipanga kama stoo utapanga kila baada ya wiki mbili mpaka mkataba wa nyumba uishe.

Sasa toa kila kitu. Kila kitu, hata lile tambara lililogandia kwenye kona. Piga magoti, washa tochi ya simu, ingiza kichwa ndani uangalie juu, siyo chini.

Hapa ndipo Dodoma inapowadanganya watu wa Pwani. Dar hewa ina unyevu. Bomba likivuja kidogo, maji yanakaa, ubao unaota ukungu, unajua mapema. Huku kiangazi kinashika tangu Mei mpaka Novemba, na hewa inakauka kiasi kwamba tone lililodondoka usiku, asubuhi hulikuti. Limekwenda na hewa, limeacha chumvi yake. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na ni maji magumu. Ushayaona kwenye birika lako. Kwa hiyo bomba linalovuja polepole halikuachii dimbwi, linakuachia ukoko mweupe. Pitisha kidole kwenye kila nati, kila maungio, chini ya koki, shingoni mwa fleksibo, ile hosi laini inayopandisha maji kwenye bomba la sinki. Ukikuta kitu kama chokaa iliyoganda, au rangi ya kijani kwenye shaba, hapo pamevuja na huenda pangali panavuja. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo wenyewe waliapa kwamba bomba lao halijawahi kudondosha hata tone, na kwenye nati kulikuwa na ukoko mnene kama ganda la yai.

Ukitaka uhakika, chukua karatasi ya chooni. Futa mabomba yote yakauke kabisa, kisha zungushia kila maungio kipande kimoja cha karatasi. Ziba tundu la sinki, jaza maji mpaka karibu na ukingo, halafu zibua yote yashuke kwa mpigo mmoja. Karatasi italowana pale penye tatizo, hata kama ni jasho tu la bomba. Usijaribu kwa kufungua bomba kidogo kidogo. Westi, yaani bomba la kutolea maji machafu, ikiwa inavuja mara nyingi huvuja inaposhushiwa maji mengi kwa pamoja, ndiyo maana ukiosha kikombe huoni kitu na ukimwaga maji ya kuoshea mchele sakafu inalowa.

Mahali palipovimba napo panazungumza. Ubao ukivimba mbele, karibu na milango, maji yanatoka juu: silikoni ya ukingo wa sinki imeachia na kila unapoosha vyombo yanapita pembeni. Ukivimba katikati, chini ya ile chupa ya plastiki tunayoiita trepu, tatizo ni maji machafu. Wa kwako umevimba nyuma, na nyuma ndiko ziliko koki na fleksibo, maji yenye presha. Kwa hiyo nakuomba uanzie huko. Presha hiyo hailali. Na huku maji yanakatika, halafu yanarudi usiku wa manane yakisukuma hewa mbele yake. Nati iliyolegea kidogo ndipo inapoachia. Fleksibo ikiwa na kutu kwenye ule wavu wake wa nje, au imejikunja kama goti, usiikaze, ibadilishe. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko ubao ulioharibika.

Kama ni trepu, mara nyingi hata fundi huhitaji. Weka beseni chini, fungua nati za plastiki kwa mkono, toa uchafu, sugua kwa mswaki wa zamani, angalia washa ya mpira kama haijapasuka wala kupinda, rudisha, kaza kwa mkono. Spana inapasua plastiki. Na ile tepu nyeupe ambayo mafundi wengine wanazungushia kila kitu haina kazi kwenye nati za trepu. Kinachozuia maji pale ni washa. Tepu ni ya nyuzi za koki na mabomba ya maji safi. Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa aibu: ukishaitoa trepu, ile beseni ya maji machafu usiimwage kwenye sinki hilohilo. Nimelifanya nyumbani kwangu mwenyewe, nikiwa fundi wa miaka mingi, na mke wangu amesimama mlangoni ananitazama maji yakinishukia mapajani.

Harufu. Trepu ipo kwa ajili hiyo: inabakiza maji kidogo kwenye kona yake, na maji hayo ndiyo kifuniko kati ya jikoni kwako na karo. Yakikauka, hewa ya karo inapanda, na mende wanapanda nayo. Kwa ukavu wa huku, ukisafiri kwenda Dar mwezi mzima, unarudi nyumba inanuka na unalaumu panya aliyekufa. Siku ya kusafiri, mwaga maji safi kikombe kimoja kwenye sinki, halafu juu yake kijiko cha mafuta ya kula. Mafuta yanaelea juu ya maji na kuyazuia yasikauke haraka. Kama hujasafiri na bado inanuka, basi ni mabaki ya ugali na mafuta ndani ya trepu, au bomba la westi limechomekwa tu kwenye tundu la ukutani bila kuzibwa pembeni.

Tundu hilo ndilo nyumba ya mende wako. Fundi anatoboa ukuta kwa ukubwa wa ngumi ili apitishe bomba la ukubwa wa vidole viwili, anaondoka. Dawa unayopuliza inaua waliotoka matembezini. Waliobaki ukutani wanaendelea na maisha. Sokota stiliwaya, ile ya kusugulia masufuria, ijaze kwenye uwazi kuzunguka bomba, kisha paka simenti au silikoni juu yake. Panya hapendi kutafuna stiliwaya. Na kwa kuwa upo Dodoma, nikuonye na hili: usiingize mkono kwenye rundo la matambara gizani. Nge anapenda mahali pakavu, penye giza, pasipoguswa. Mchwa nao, kama kabati lako ni la mbao na limegusa ukuta wenye unyevu, huja kimyakimya. Ukiona njia nyembamba ya udongo imepanda ukutani, mwite mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Sakafu iliyovimba haitarudi. Kama ni MDF au ule ubao wa pumba zilizogandishwa, ukishakunywa maji umekwisha, hata ukiuanika wiki nzima juani. Wewe ni mpangaji, kwa hiyo zungumza kwanza na mwenye nyumba, umpigie picha ule ukoko. Mara nyingi picha inamaliza ubishi. Akikubali, toa kipande kilichoharibika, weka marinbodi, ubao unaostahimili maji, au, kwa rahisi zaidi, vipande vya vigae vilivyobaki kwenye ujenzi. Ukivitandaza na kuziba mapengo, una sakafu inayopanguswa. Akikataa, tandika karatasi ngumu ya plastiki iliyopandishwa kingo kama sinia, ili maji yakidondoka yaonekane na yasizame.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Karanga zitoke leo. Najua zimetoka kwa mama mkwe, na karanga za Kongwa zina heshima yake. Ndiko Waingereza walikomwaga fedha kuanzia 1947 wakitaka kulima karanga kwa matrekta, na kufikia 1951 wakaukunja mradi, huku mkulima wa jembe la mkono akiendelea kuvuna. Lakini karanga kwenye kabati lenye bomba linalovuja ni hatari. Karanga na mahindi vikipata unyevu huota kuvu anayetengeneza sumukuvu, na mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu uliolaza watu na kuua. Kupika hakuiondoi sumu hiyo kwa kiasi cha kukutosha. Zimwage kwenye ungo, zichambue kwa mwanga wa jua: iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, yenye ukungu au inayonuka uvundo, tupa, na usimpe hata kuku. Kama sehemu kubwa ya kiroba imelowa, tupa kiroba chote, mama mkwe tutamweleza. Zilizo nzima zikae juu, mahali pakavu penye hewa, zimeinuliwa kutoka sakafuni. Hali kadhalika vitunguu, viazi, mlenda mkavu na unga.

Dumu la alizeti halina sumu pale, ila liweke mbali na Jik na mafuta ya taa kwa sababu moja tu: mkono wa mtu mwenye haraka. Madumu yanafanana.

Hilo linanileta kwenye chupa. Sabuni ya maji umenunua mtaani, sivyo? Imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ina rangi ya kijani au ya machungwa, inavutia kama juisi. Mafuta ya taa nayo naamini yamo kwenye chupa ya soda. Mtoto wa mwaka na nusu hasomi, anatambua umbo. Chupa ya soda kwake ni soda. Kwa hiyo mafuta ya taa, Jik, dawa ya choo na chochote cha kuzibulia mabomba visikae chini ya sinki hata kama una kufuli. Vipandishe juu, kwenye rafu ambayo wewe mwenyewe unaifikia kwa kunyoosha mkono, vikiwa kwenye vyombo vyake vya asili. Sabuni ya mtaani hamishia kwenye dumu lisilofanana na kitu cha kunywa. Na ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa au dawa yenye asidi au kostiki (ile soda kali ya kuzibulia mabomba), usimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni, na kostiki huunguza koo mara ya pili. Wala usimnyweshe maziwa au mafuta kwa kusikia kwa jirani. Mbebe, beba na chupa yenyewe, nenda hospitali.

Jik na dawa ya choo zina ugomvi wao wenyewe. Dawa nyingi za choo zina asidi. Jik ina hipokloriti, kemikali yenye klorini. Vikikutana hutoa gesi ya klorini. Siku moja niliitwa mtaa wa Area C, hapa Dodoma, kuzibua sinki. Dada wa kazi alikuwa ameshajaribu: kamwaga dawa ya choo, haikuzibuka, akaongeza Jik "ili ipate nguvu". Mimi sikuuliza, nikainama. Nilitoka nje nikikohoa, machozi yananitoka, kifua kimebana, na nikakaa kwenye ngazi zaidi ya nusu saa. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza nikiingia jikoni kwa mtu ni "mmemwaga nini humu?" Siki na ndimu, ambazo ni nzuri sana kwa kuondoa ule ukoko wa chumvi kwenye bomba na birika, nazo ni asidi, usizitumie siku moja na Jik kwenye sinki moja. Na kama makabati yako ni ya alumini, kama nyumba nyingi mpya za huku, kostiki isiyaguse. Inaila alumini na kutoa joto na gesi.

Mtungi wa gesi hukuutaja. Kama umefichwa kabati la jirani, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatulia chini. Hakikisha kabati hilo lina matundu ya kupitisha hewa usawa wa sakafu, au utoe mtungi nje.

Mifuko: naijua hiyo mifuko. Ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na bado nafungua makabati naikuta, mmoja umejazwa mingine kama mto wa kulalia. Baki na michache unayotumia.

Ukishatoa vyote hivyo, angalia kilichobaki: sabuni ya vyombo ya akiba, brashi, sponji, glavu, matambara mawili matatu makavu, ndoo. Ni kidogo, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Kanuni yangu ya kupanga ni moja: umeme umekatika, fleksibo imepasuka, maji yanaruka, wewe peke yako nyumbani na mtoto mgongoni. Je, mkono wako unaifikia koki bila kuhamisha zaidi ya kitu kimoja? Jaribu kwa macho yaliyofumbwa. Ukiangusha chupa tatu kabla ya kugusa koki, hujapanga. Na izungushe koki hiyo kila baada ya miezi miwili mitatu, funga, fungua. Chumvi ya maji yetu huigandisha, na koki iliyoganda utaijua siku unayoihitaji. Maji yakikatika, hakikisha pia bomba la sinki limefungwa kabla hujalala. Yatarudi saa nane, sinki lina vyombo vimeziba tundu, na hadithi nzima inaanza upya.

Upande wa koki acha wazi kabisa. Upande wa pili weka sabuni na sponji. Ndoo ikae tupu chini ya trepu. Inakusaidia kupokea tone na pia inakuzuia kujaza mahali hapo, kwa sababu kila ukitia kitu ndani yake utahitaji kukitoa. Glavu na brashi vining'inie kwenye kulabu za kunata nyuma ya mlango, usitoboe mlango wa watu. Chini ya kila kitu tandaza gazeti. Gazeti ndilo mlinzi wako: tone likianguka na kukauka, karatasi inakunjamana, alama inabaki. Libadilishe kila mwisho wa mwezi, lakini kabla ya kulitupa litazame vizuri.

Tufike kwenye vikapu. Vya kuvuta kwenye reli, vile unavyoviona mtandaoni, sikushauri. Reli inafungwa kwa skurubu kwenye sakafu ya kabati, na sakafu yako imeoza. Tena vumbi la huku kuanzia Julai upepo unapovuma huingia kwenye reli, baada ya miezi kadhaa inakwaruza. Chukua vikapu vya plastiki vyenye matundu, vya kubeba kwa mkono, viwili tu, vya kwenye maduka ya vyombo pale Majengo. Matundu yapitishe hewa na maji, mpini ukuwezeshe kukitoa chote kwa mara moja. Dumu la lita 5 lililokatwa juu linafanya kazi ileile, kama hujali sura yake.

Ukubwa: nenda na futi, na upime kutoka sakafu ya kabati hadi sehemu ya chini kabisa ya trepu. Wengi wanapima hadi chini ya sinki, wanafika nyumbani kikapu kinagonga bomba, wanakisukuma kwa nguvu, nati inalegea. Punguza vidole vinne kwenye hicho kipimo ili trepu ifunguke bila kuondoa kikapu. Kwa upana, pima mlango mmoja ukiwa wazi, siyo kabati lote, maana bawaba hula nafasi. Na usiende Majengo kabla karatasi ya chooni haijakaa siku mbili kwenye maungio ikiwa kavu.